Mkaa wa Chini ya Gunia

Somo: Walawi 6:12-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi uliopita nilinunua gunia la mkaa. Juu lilikuwa zuri ajabu: vipande vikubwa, vikavu, ukivigonganisha vinalia kama vigae. Tukapika wiki mbili bila shida. Tulipofika chini tukakuta vumbi na vijiti ambavyo havikuiva, na siku hiyo ndiyo tulikuwa na wageni. Maharage yalikaa jikoni hadi saa tisa mchana. Nikapepea, nikapepea, machozi yananitoka kwa moshi.

Nikiwa palepale na upepeo wangu mkononi niliikumbuka manowari moja ya Hispania. Najua kutoka maharage hadi manowari ni mbali, nivumilieni.

Iliitwa Cristóbal Colón. Iliundwa Italia, ikashushwa majini mwaka 1896, Hispania ikainunua. Katika kikosi cha Admirali Pascual Cervera hapakuwa na manowari kubwa mpya wala nzuri kuliko hiyo. Ila ilikuwa na kasoro ambayo kila mtu aliijua: mizinga yake mikubwa ilikuwa haijafungwa. Cervera alikuwa ameiandikia serikali yake barua baada ya barua kuhusu hali ya kikosi. Vita na Marekani vilipozuka Aprili 1898, akaamriwa aende hivyohivyo, akaenda.

Jumapili tarehe 3 Julai, yapata saa tatu na nusu asubuhi, meli za Cervera zilitoka moja moja kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Santiago de Cuba. Nje Wamarekani walikuwa wanangoja. Kabla ya adhuhuri manowari tatu kubwa zilikuwa zimepanda ufukweni zikiwaka moto. Colón pekee ilikuwa bado inakimbia kuelekea magharibi, tena imewaacha wanaoifukuza nyuma kabisa. Ungekuwa unatazama kwa mbali, ungesema hiyo imepona.

Kilichoimaliza kilikuwa tumboni mwake. Huko chini, kwenye joto na giza, watu waliokuwa wakitupia makaa kwenye matanuri walifika mwisho wa makaa bora. Yaliyobaki ni makaa hafifu yaliyopakiwa Santiago. Mvuke ukapungua, mwendo ukalegea, na mabomu ya Oregon, manowari ya Wamarekani, yakaanza kuanguka karibu. Baada ya saa saba mchana nahodha akaielekeza pwani, kwenye mdomo wa mto Turquino, akashusha bendera. Mabaharia wake wakafungua vali ili maji yaingie. Usiku ule ikapinduka na kuzama, na risasi zilizoipata zilikuwa chache tu.

Yaani wote walihangaikia mizinga isiyokuwepo, kumbe siku ile ilihitaji makaa.

Nadhani hata sisi maombi yetu mengi ni ya mizinga. Tunaomba karama zinazoonekana, mhubiri mgeni, spika kubwa zaidi (na zilizopo majirani wameshazilalamikia). Sisemi ni vibaya. Lakini ghala la chini nani analikagua?

Ile Oregon nayo ina habari yake. Miezi michache kabla ilikuwa San Francisco, upande wa pili kabisa wa Marekani. Ililazimika kuizunguka Amerika Kusini yote, siku 66, ndipo ifike Florida. Mhandisi wake mkuu, Robert Milligan, alitaka boila, yaani mitungi ya kuchemshia maji ili yatoe mvuke, zipate maji yasiyo na chumvi tu, maana ya chumvi yangeziharibu. Mabaharia wakakubali kupimiwa maji ya kunywa, tena ya uvuguvugu, katika joto lile la ikweta. Hakuna aliyewapigia makofi huko baharini. Hata mbele ya Santiago, siku baada ya siku bila vita, moto wa boila zake haukuachwa uzimike. Ndiyo maana asubuhi ile iliweza kukimbia.

Sasa tusome Walawi. Moto wa madhabahuni hakuuwasha Haruni. Sura ya 9 inasema ulitoka mbele za Bwana. Lakini kuni zilikuwa kazi ya kuhani, “kila siku asubuhi.” Bwana aliyeweza kuteremsha moto angeshindwaje kuteremsha na kuni? Hakuteremsha. Alimwachia mtu kazi ya kuamka, kubeba, kupanga, na kesho yake kurudia, iwe kuna sadaka kubwa au hakuna kitu.

Mimi nimekuwa nikiishi kwa makaa ya zamani. Mistari ninayonukuu kanisani niliikariri nikiwa shule ya Jumapili, na ushuhuda ninaoutoa ni wa miaka kumi iliyopita. Watu wanaona moshi unatoka, wanadhani meli inakwenda.

Jumatatu nilianza tena kuamka saa kumi na moja, Biblia na taa ndogo sebuleni. Jumatano nililala. Alhamisi nikaamka.