Chura wa Kihansi ni deni letu

Juzi kijiweni mtu alirudia maneno yale yale: mabilioni yanateketea kwa ajili ya chura asiyeliwa. Mimi nimesomea zoolojia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chura huyo nimemwona kwa macho yangu ndani ya vioo vya chuo. Sikuweza kunyamaza.

Ni wa manjano, mdogo kiasi cha sentimita mbili hivi. Hatagi mayai majini. Huzaa vitoto vilivyokamilika, kila kimoja sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti. Na duniani kote hakuwa na kwao kwingine ila hekta chache zilizolowa manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa mno ya maji ikageuzwa kupita handakini, na manyunyu yakakauka. Umeme ule wa megawati 180 nautumia hata mimi. Kwa hiyo sikubali tumwite chura wa wazungu.

Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani, kwa Wildlife Conservation Society, shirika la hisani linaloendesha bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Hakuna aliyewahi kuwafuga. Walikufa kwa wingi, na ikafika wakati hawakutimia hata mia. Watunzaji hawakukata tamaa: wakahangaika na taa zenye mionzi kama ya jua, maji ya kunyunyiza mchana na usiku, wadudu wadogo wanaotosha mdomo ule. Bustani ya Toledo, Ohio, nayo ikawaweza. Wakaanza kuzaliana.

Huku korongoni yalifungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura wakaongezeka kidogo, kisha 2003 wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Yaani kama si vile vioo vya ng'ambo, leo tungekuwa na picha tu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Mlimani, na 2012 takriban 2,000 wakaachiwa Kihansi.

Kazi bado ni nzito, maana manyunyu ya sasa yanategemea mabomba, na mabomba yanahitaji watu wa kuyatunza kila siku. Natamani watoto wa shule za Mlimba na Mufindi wapelekwe kumwona, waelezwe habari yote, pamoja na ile ya umeme.