RAM ya kompyuta ya mezani: pima kwanza, nunua baadaye

Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, moja ya zile kompyuta za ofisi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au Luthuli. Muuzaji atakuambia 4 GB za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zinatosha, au atakusukumia 16. Usimjibu bado.

Fungua kila programu unayotumia siku ya kazi nyingi, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, halafu Memory. Tazama namba ya kwanza chini ya "Committed". Ikizidi RAM uliyonayo mara kwa mara, Windows huenda inahamishia mzigo kwenye diski, na hapo ndipo kompyuta inapoganda ukitoka Excel kwenda Chrome. "Cached" usiihesabu, hiyo hurudishwa programu zinapoihitaji. Kumbuka pia kwamba kompyuta isiyo na kadi ya picha humega sehemu ya RAM kwa ajili ya skrini.

Kwa Word, barua pepe na kurasa chache za intaneti, 8 GB zinatosha. Kama bado una diski ya kuzunguka, pesa ya kutoka 8 kwenda 16 nunulia SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) kwanza, utaona tofauti kubwa zaidi. Mhasibu mwenye mafaili mazito, au mtu anayefungua kurasa ishirini kwa pamoja, aweke 16. Mashine hii katika umbo la mnara ina sloti nne, kila moja inapokea mwisho 8 GB, yaani jumla 32. Lakini kuijaza DDR3, kizazi cha RAM inachotumia, si busara: RAM hiyo haihami kwenda mashine ya DDR4, na Windows 10, toleo la mwisho linaloikubali rasmi mashine hii, iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Ukienda 16, nunua vipande viwili vya 8 vinavyofanana, ili prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja. Ukichanganya kipande cha kasi ya 1600 na cha 1333, vyote vitakwenda 1333. Soma lebo: PC3-12800U ni ya mezani, ikiishia na S ni ya laptopu, na R ni ya seva. Hiyo R huuzwa rahisi, huingia kwenye sloti vizuri kabisa, na kompyuta haiwaki. PC3L, ya volti ndogo, haina shida hapa. Windows ikiwa ya biti 32, haitatumia zaidi ya 4 GB hata uweke ngapi.

Kabla ya kufunga, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, gusa chuma cha kasha. Linganisha pengo la kipande na la sloti, kandamiza ncha zote mbili mpaka vibanio vilie. Isipowaka, jaribu kipande kimoja kimoja, na safisha meno ya dhahabu kwa raba ya penseli. Ikiwaka, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, rudisha kipande dukani. Kwa hiyo dai siku za kurudisha kabla hujalipa.