Yamalize kwenye simu kabla hujapanda kitanda cha masaji

Simu nyingi za kuweka miadi ya masaji huwa na maswali mawili tu: ni shilingi ngapi, na Jumamosi kuna nafasi? Mkandaji akijibu hayo mawili akakata, mtilie shaka. Anayeijua kazi atakuuliza una ugonjwa gani, unatumia dawa zipi, ulifanyiwa upasuaji lini, una mimba au huna. Hakupelelezi. Anataka kujua kama akukande kama kawaida, abadilishe namna ya kukukanda, au akuambie upitie hospitali kwanza. Na hilo la hospitali ni afadhali ulisikie ukiwa bado nyumbani kuliko ukiwa umeshalipa, umevua nguo na umepakwa mafuta.

La hatari kuliko yote ni mguu mmoja uliovimba. Mtu ametoka safari ya basi ya mchana kutwa, au amelala hospitali wiki nzima baada ya upasuaji, au amejifungua juzijuzi. Kigimbi kimoja kinamvuta, yeye anadhani ni uchovu wa msuli na anataka kikandwe kwelikweli. Huenda ndani ya mshipa mna bonge la damu iliyoganda. Likisukumwa na mkono linaweza kung'oka, likasafiri na damu hadi kwenye mapafu, na mtu akapoteza maisha. Chukua futi ya fundi cherehani. Papasa mbele ya mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Shuka sentimita 10 kutoka hapo, zungusha futi, usome, kisha fanya hivyohivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, au mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, usiende kwa mkandaji, nenda hospitali siku hiyohiyo. Tofauti ikiwa ndogo usijipe moyo haraka: kama kigimbi kinauma na umetoka kwenye moja ya hali hizo, muone daktari kwanza. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa damu kuganda.

Kuna mengine ambayo wateja hawayasemi kwa sababu wameshayazoea. Kijiti cha uzazi wa mpango kiko upande wa ndani wa mkono wa juu, chini kabisa ya ngozi, na mkandaji asiyejua atapitisha kidole gumba hapo kwa nguvu zote. Mwambie ni mkono upi. Anayejichoma insulini aonyeshe alipochoma, kwa sababu kupasugua mahali hapo huifanya iingie kwenye damu haraka kuliko ilivyopangwa, na sukari ikashuka mtu akiwa amelala kifudifudi, akitokwa jasho ambalo kila mmoja atadhani ni la joto la chumba. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi asikubali mawe ya moto: jiwe linaweza kumbabua asisikie kitu mpaka malengelenge yatoke. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande ataamka na mavilio ya damu hata kwa mkono wa wastani, kwa hiyo akandwe kwa wepesi au asikandwe kabisa, kadiri daktari wake atakavyosema.

Na mkorogo. Hili watu huona haya kulisema, lakini mikono ya mkandaji hulijua ndani ya dakika tano. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ikichubuka kwa kitambaa tu. Ukimficha mtu wa masaji, akakusugua kwa skrabu ya chumvi, utatoka na vidonda na lawama zitamwangukia yeye.

Presha nayo si lazima ikunyime masaji. Wengi wenye presha inayodhibitiwa na dawa hukandwa vizuri tu. Tatizo lao huja mwishoni: masaji huishusha presha kidogo, dawa nazo zinaishusha, na mtu akiinuka ghafla kichwa kinazunguka. Lakini ukipima asubuhi ukakuta 180/120, ahirisha miadi na uende kupimwa, hata kama hujisikii vibaya. Homa vilevile. Mwili unaouma kwa malaria hautulizwi kwa kukandwa. Unapimwa na kupewa dawa.

Kwa wajawazito, sema umri wa mimba kwa wiki. Wakandaji wengi hukataa miezi mitatu ya kwanza, na sababu yao kubwa si kwamba masaji ya kawaida ya mgongo yanajulikana kutoa mimba. Ni kwamba mimba nyingi zinazoharibika huharibika kipindi hicho, na hakuna anayetaka iwe jioni aliyokukanda yeye. Kuanzia wiki ya 20 usilazwe chali kwa muda mrefu, kwani mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ukaanza kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Unalala ubavu, wa kushoto ukipendwa zaidi, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine kati ya magoti, wa tatu ukiegemeza tumbo. Ukipiga simu uliza wana mito mingapi. Jibu litakueleza kama wamewahi kumkanda mjamzito. Tumbo halikandwi kwa nguvu, na mtu yeyote asikuahidi kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya mkeka: kondo la nyuma linaweza kubanduka, na hapo ni maisha mawili. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono vikivimba ghafla, hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Hospitali, mara moja. Baada ya kujifungua kwa upasuaji, kidonda na tumbo viachwe mpaka uangaliwe na kuruhusiwa, kwa kawaida wiki ya sita; mabega na miguu inaweza kukandwa kabla ya hapo, mradi hakuna dalili zile za kigimbi.

Mgongo ndio unaoleta wateja wengi, na mara nyingi ni misuli tu. Lakini mgongo unaouma zaidi usiku, pamoja na kukonda na kutokwa jasho kitandani, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huku kwetu si jambo la kufikirika. Mgongo unaokuja na ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo, ni dharura ya saa chache. Kukandwa hakusaidii hata kimoja kati ya hivyo, kunakupotezea muda tu.

Shingo ina habari yake. Kwenye vinyozi vingi vya mjini, ukishanyolewa na kuoshwa uso, mtu anakukanda mabega, halafu bila kuulizwa anashika kidevu na kisogo na kukizungusha kichwa mpaka kilie *ka!* Watu wanakipenda kile kishindo. Kinachopita pale shingoni ni mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya mifupa hadi kwenye ubongo, na mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa mmoja wao. Si jambo la kila siku, lakini likitokea matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana. Sema mapema, kabla hujakaa kwenye kiti: "Shingo usiivunje." Hakuna atakayekasirika.

Kifundo kilichoteguka jana hakichuliwi leo. Siku mbili tatu za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati, mguu juu ya mto. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, piga picha ya eksirei kwanza. Kiwiko cha mtoto aliyeanguka ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa kuchuliwa mapema: damu iliyovilia ndani ya msuli, ikisuguliwasuguliwa, inaweza kugeuka mfupa, na mkono usinyooke tena.

Ukishapita hapo, chagua aina. Majina kwenye ubao wa bei yanatisha bure. "Ya Kiswidi" ni ile ya mafuta na mikono inayoteleza kwa mwendo mrefu, na kwa mtu wa mara ya kwanza inatosha. (Uswidi kwenyewe huiita masaji ya klasiki, na majina ya miondoko yake ni ya Kifaransa.) Ya Kithai haina mafuta, unabaki na nguo laini, unalala chini kwenye godoro, unavutwa na kukunjwa, kwa hiyo mwenye goti bovu au diski ya mgongo aseme. Ile ya nguvu, ya misuli ya ndani, si masaji bora kuliko nyingine. Ni ya mahali maalumu palipokaza, na mwili mzima kwa nguvu ile utakulaza kesho yake. Singo ya Unguja na Pemba, yenye liwa, karafuu na maua, ni ya ngozi na harufu zaidi kuliko misuli. Bi harusi apange singo itangulie hina kwa siku kadhaa, mafuta yaoshwe kabisa, maana hina haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, na ukisugua baada ya hina umeifuta.

Kuhusu mafuta, uliza ni ya nini. Ya nazi wengi hawana shida nayo, lakini ya lozi, karanga na ufuta yana watu wake wa kuyaogopa. Omba tone moja siku moja kabla, paka upande wa ndani wa kiwiko, uache saa 24. Mafuta makali ya karafuu au mkaratusi hayapakwi matupu: matone 12 ya mkaratusi kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida ni asilimia 2 hivi, ya karafuu, ambayo ni makali zaidi, yasizidi matone 3, na hayo yanatosha kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima.

Muda na pesa viwekwe wazi. Dakika 60 za mwili mzima, ukizigawa, ni kama 20 za mgongo, 20 za miguu, 10 za mikono na 10 za shingo na kichwa. Kama kinachokusumbua ni shingo, dakika 10 hazifanyi kitu. Sema miguu iachwe. Uliza pia kama ndani ya saa hiyo mna kuvua nguo na maelezo, kwa sababu kuna sehemu saa yao ina dakika 45. Kwa anayekufuata nyumbani, nauli ni juu ya nani? Ukitumiwa namba ya kulipia amana, jina litakalotokea kwenye simu lifanane na la ofisi. Uliza atakukanda mwanamke au mwanamume, na ukitaka mmojawapo sema; ni haki yako. Unavua kadiri unavyopenda, unafunikwa shuka, na kinachofunuliwa ni kile kinachokandwa wakati huo. Kanga yako mwenyewe inaruhusiwa. Anayeuliza "huduma za ziada" kwenye simu hatapewa miadi, na mkandaji naye akizidokeza, inuka uvae.

Usile mlo mzito ndani ya saa mbili kabla ya masaji, pombe usiiguse, oga, nenda chooni. Miguu usiinyoe siku hiyo, mafuta yatachoma. Umesuka jana? Kichwa kikandwe siku nyingine, ngozi ya kichwa bado inavutwa, na ulete kofia ya kuogea mafuta yasiingie kwenye nywele.

Ukiwa kitandani, maumivu yapimwe kwa 10. Hadi 6 unaweza kuvumilia huku unapumua. Ukijikuta umezuia pumzi au umekunja vidole vya miguu, umeshapita, na msuli unajikaza kujilinda, kwa hiyo nguvu yote ile inapotea bure. Sema "punguza." Kama mkandaji wako ni kipofu, na wapo walio hodari sana, nawe una kovu, mweleze liko wapi kwa maneno badala ya kumwonyesha kwa kidole.

Ikiisha, kaa pembeni ya kitanda, miguu ikining'inia, dakika mbili kabla ya kusimama. Maji kunywa ukiwa na kiu. Habari ya kwamba yanasukuma nje "sumu" iliyotolewa na masaji ni ya kwenye matangazo. Kuuma kidogo siku moja au mbili ni kawaida. Kukipita siku tatu, mpigie aliyekukanda. Mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, usimpigie yeye, nenda hospitali, msuli umeumia vibaya. Na mara ya pili ukiweka miadi, anza na hilo: kilichouma baada ya mara ya kwanza, upande gani, kwa siku ngapi.