Wapangaji wangu wanatoka Brazili

Shida yangu ilikuwa mbu, si ndege. Nimekulia Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, na huko ukikaa barazani baada ya magharibi bila kufunika miguu umejitakia. Nilipohamia Kentucky, Marekani, nilidhani mbu nimewaacha nyuma, kumbe nao wapo kiangazi kizima. Mwaka 2021 tulipata nyumba yenye uwanja, na wiki hiyohiyo nikaona dukani nyumba ya ndege, ya kufugia mbayuwayu, ya bati jeupe, vyumba 12, boksi lake limeandikwa kwamba ndege mmoja anakula mbu 2,000 kwa siku. Nikapiga hesabu ya vyumba 12, ndege wawili kila chumba. Nikalipa palepale.

Niseme mapema kwamba habari hiyo ya mbu ni maneno ya wauzaji. Ndege huyu hula akiwa angani, mchana, juu sana, wakati mbu wengi hutoka jioni na hukaa chini kwenye majani. Yeye anataka kerengende, mbawakavu, nondo, nzi wanene na sisimizi wanaoruka. Mbu nawapiga kwa kiganja mpaka leo.

Lakini nilishanasa. Wenyeji humwita purple martin, mimi namwita mbayuwayu zambarau. Ndiye mbayuwayu mkubwa kuliko wote wa Amerika Kaskazini, na bado uzito wake ni kama gramu 50 tu. Dume aliyekomaa ukimwona kwa mbali ni mweusi. Jua likimpiga anageuka rangi ya zambarau lililoiva, lile linaloacha alama kwenye ulimi. Jike na vijana wa mwaka mmoja wana kifua cha kijivu. Baridi ikikaribia wanaondoka kwenda Amerika Kusini, wengi wao Brazili. Jambo lililonishangaza ni kwamba mashariki ya Milima ya Rocky ndege hawa wameacha karibu kabisa kuzaa kwenye matundu ya miti. Wanategemea nyumba wanazotundikiwa na watu. Wanaowatundikia hujiita wenye nyumba, na ndege ndio wapangaji. Mimi niliyewahi kupanga chumba Manzese kwa kodi ya miezi sita mbele, nilifurahi kusikia kwamba kuna mahali mwenye nyumba ndiye anayebembeleza.

Mwaka wa kwanza nilikosea kila kitu. Nguzo niliichimbia karibu na uzio, chini ya mti mkubwa, nikiwaza kwamba ndege anapenda kivuli. Ndani ya wiki moja vyumba vyote vikawa vimejaa nyasi, manyoya ya kuku na vipande vya mifuko ya plastiki. Nilishangilia. Neema, binti yetu, ndiye aliyechukua darubini akasema, "Baba, hawa si ni shomoro?" Walikuwa shomoro, wa jamii ileile inayookota mchele kwenye masoko ya kwetu.

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya nne kutoka kwetu, anakaa mzee mmoja mstaafu mwenye mlingoti uliojaa ndege hawa. Nilikwenda kubisha hodi mwezi wa tano. Alikuja kwetu, akautazama mti, akaitazama nguzo yangu, akacheka mpaka akaegemea uzio. Halafu akanieleza. Mbayuwayu huyu anataka uwazi. Nyumba iwe mita 4 hadi 4.5 kutoka ardhini, mti wowote mrefu uwe mbali mita 12 au zaidi, maana kwenye miti ndiko mwewe hujificha. Ila isiwe mbali na nyumba ya watu. Mita 30 kutoka mlangoni zinatosha. Karibu na binadamu maadui zake wanasitasita, na yeye ameshalijua hilo. Kuhusu shomoro, akaniuliza swali moja: mnamwaga chakula nje? Nikamgeukia Mama Neema. Kila jioni alikuwa akikung'uta makombo ya wali nje ya mlango wa jikoni, kama alivyozoea kwao. Shomoro wa mtaa mzima walikuwa wanakula kwetu na kulala kwetu.

Huyo shomoro, na mwenzake kwezi wa Ulaya, hawakuwapo bara hili. Shomoro waliletwa Brooklyn, New York, miaka ya 1850, na mwaka 1890 mtu mmoja akaachilia kwezi wapatao 60 kwenye bustani ya Central Park, hukohuko New York. Anayejua kisa cha kunguru wa India walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne hiyohiyo hana haja ya kuelezwa zaidi. Shomoro hutoboa mayai ya mbayuwayu, na kwezi anaweza kumuua humohumo chumbani. Sheria ya Marekani ya 1918 inayolinda ndege wanaohama haiwahusu hao wawili, kwa hiyo kiota cha shomoro unaruhusiwa kukitoa. Cha mbayuwayu chenye mayai au makinda huruhusiwi kukitoa.

Kwa mzee nikaona kitu kilichonirudisha Ifakara. Nusu ya nyumba zake zilikuwa vibuyu. Vibuyu hasa, vya shambani, vimepakwa rangi nyeupe na kutobolewa ubavuni. Akaniambia watu wa Choctaw na Chickasaw, makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, walikuwa wakiwatundikia mbayuwayu vibuyu kabla Wazungu hawajafika. Na mmea wenyewe asili yake ni Afrika. Ulifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus, na wataalamu wengi wanaona vibuyu vilielea vyenyewe baharini. Bibi yangu alitunza mbegu za maboga ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa juu ya meko, cheusi kwa moshi. Mzee alinipa mbegu kumi. Nikazipanda, mmea ukatambaa juu ya uzio mpaka kwa jirani, na mwezi wa kumi nikavuna vibuyu vinane vya kufaa, vipana kidogo kuliko mpira wa miguu.

Kukausha kulichukua baridi nzima. Niliviweka gereji, vikaota ukungu, Mama Neema akataka kuvitupa. Ukungu huo ni wa kawaida: kibuyu kikishakuwa chepesi na mbegu zinacheza ndani ukikitikisa, unakisugua kwa waya wa chuma na maji. Nilitoboa vitundu vidogo chini vya kutolea maji, nikapaka rangi nyeupe ili jua lisiwapike makinda. Mlangoni nilipachika kibati chenye uwazi wa umbo la mwezi mwandamo, kimo chake milimita 30. Mbayuwayu ana miguu mifupi, analala kifudifudi na kupenya. Kwezi ana kifua kinene, anabaki nje akipiga kelele. Shomoro hana kizuizi, anapita popote.

Mwaka 2022 nilikuwa na mlingoti mpya katikati ya uwanja, kapi na kamba ya kushushia vibuyu, na bomba la bati limezungushiwa chini ili rakuni na nyoka wasipande. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa subira. Mzee aliniambia ndege wake wamerudi mwisho wa Machi, nami siku hiyohiyo nikafungua vibuyu vyote. Hao wa mwanzo ni wazee, wana makazi yao, wanarudi walikozalia mwaka uliopita. Wakapita juu yangu kama daladala iliyojaa. Shomoro wakaingia. Nilitoa viota vyao kila baada ya siku mbili, wakajenga tena, mpaka Juni nikachoka. Dume mmoja alikuja akatua dakika kama kumi, shomoro wawili wakamfukuza.

Wanaohamia mahali papya ni vijana wa mwaka mmoja, na hao wanachelewa, wiki nne hadi sita baada ya wazee, hata zaidi. Hilo ndilo lililonigharimu msimu mzima. Mzee alikuwa ameniambia, mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

Mwaka 2023 niliziba milango ya vibuyu vyote kwa vizibo na nikaviacha hivyo mpaka tarehe 20 Aprili. Makombo ya wali yakaanza kwenda kwenye ndoo yenye mfuniko. Na nikaajiri dalali. Madume wazee huimba gizani kabla hakujapambazuka, na wimbo huo huwavuta vijana wanaotafuta makazi. Unauzwa ukiwa umerekodiwa. Nilifunga spika ndogo kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga mlingotini, ikawa inaimba kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili. Ni sauti ya kukwaruzakwaruza na kububujika pamoja, haraka haraka. Siku ya tatu Mama Neema aliketi kitandani akasema, "Baba Neema, hiki ni kigodoro cha ndege? Majirani watatuitia polisi." Nikapunguza sauti. Hakuna aliyekuja kulalamika, ila mzee alipiga simu kuniomba nisimwibie wapangaji wake.

Tarehe 6 Mei, Jumamosi, nilikuwa naosha gari. Nikasikia ule wimbo na spika nimeshaizima. Juu ya mlingoti kulikuwa na ndege wa kifua cha kijivu chenye madoadoa meusi, dalili ya dume kijana ambaye rangi haijamkolea. Aliingia kibuyu cha tatu, akatoa kichwa, akaingia cha tano, akatoka, akarudi cha tatu. Alikagua vyote vinane. Nilisimama na sifongo mkononi, maji yanamwagika, sikuthubutu kufunga bomba. Jike lilikuja siku tatu baadaye.

Wiki zilizofuata sikuwa na kazi nyingine. Walibeba majani makavu na vijiti, wakajenga kizingiti cha tope mlangoni. Mwanzo wa Juni wakaanza kuleta majani mabichi na kuyatandika juu ya kiota, na mzee akasema mayai yanakuja. Ndege hawa hawasusi wakikaguliwa, kwa hiyo kila baada ya siku nne au tano mchana nilishusha vibuyu taratibu kwa kamba, Neema akishika tochi. Tarehe 4 kulikuwa na yai moja jeupe pee juu ya majani. Tarehe 8 yalikuwa matano. Tarehe 23 tulikuta vitu vinne vyekundu visivyo na manyoya, vinahema mwili mzima, na yai moja ambalo halikuanguliwa kabisa. Neema alikataa kula kuku siku hiyo.

Kulikuwa na wiki ya mvua baridi ambayo wadudu hawakuruka, nikawa na wasiwasi kweli. Nilinunua nyenje kwenye duka la wanyama wa kufuga, nikawarusha hewani kwa kijiko kama mzee alivyonionyesha. Dume alinitazama tu kutoka juu ya mlingoti. Nyenje walihamia kwenye bustani ya Mama Neema na wakaimba huko hadi vuli.

Makinda yote manne yaliruka tarehe 20 na 21 Julai. Siku chache yalirudi kulala kibuyuni, kisha mwanzo wa Agosti asubuhi moja mlingoti ulikuwa kimya. Nikashusha vibuyu kuvisafisha. Ndani ya kile cha tatu, kati ya tope na majani yaliyokauka, kulikuwa na mabawa ya kerengende, mengi, mazima, yanang'aa kama nailoni. Neema ameyabandika kwenye daftari lake. Mmea nao ulizaa tena. Nimepata vibuyu kumi vya kuongeza, tisa kwa kweli, maana kimoja Mama Neema amekitoboa juu na kukijaza mbegu za mchicha.