Kadi Mbili za Manjano

Mwezi wa Mei 2018, baada ya chakula cha usiku, nyanya yangu, ambaye nyumbani kwetu Mombasa wakubwa kwa wadogo wanamwita Ba, alitutangazia kwamba mwaka ule anakwenda Kashi. Hilo ndilo jina ambalo wazee wetu Wahindu wanalipenda zaidi kwa mji mtakatifu wa Varanasi, India. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 78, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua hata kwenye ngazi za hekaluni. Hakutuomba ruhusa wala ushauri, bali alituachia kazi ya kupanga.

Jambo la kwanza lililotugawanya lilikuwa tarehe. Ami yangu alipendekeza Februari, kwa sababu watu wamepungua na baridi imekwisha kulegea. Ba alitaka Kartik Purnima, usiku wa mwezi mpevu ambao mwaka ule uliangukia tarehe 23 Novemba, wakati kingo za mto Ganga katika mji huo huwashwa taa za udongo kuanzia ghati ya kwanza hadi ya mwisho. Ghati ni zile ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini, nazo zinazidi 80. Nilipochunguza niliona kwamba Ba alikuwa na hoja hata nje ya ibada: wakati wa masika ya India mto hufurika ukafunika ngazi na mashua zikazuiwa, na mwishoni mwa Desemba ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi. Tukakubaliana na Novemba.

La pili lilikuwa chanjo, na hili ndilo lililotunyima usingizi. Msafiri anayetoka Kenya haingii India bila kadi ya homa ya manjano, na asiyekuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Daktari wetu alisita kumchoma Ba sindano, kwa kuwa madhara ya chanjo hiyo huongezeka kwa watu waliopita miaka 60. Ba aliyasikiliza maelezo yote, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilichanjwa zamani. Mjukuu wangu, nishushie lile kopo lililo juu ya kabati."

Lilikuwa kopo la biskuti ambalo rangi yake ilikuwa imebanduka pembeni. Ndani mlikuwa na risiti za duka, picha ndogo za pasipoti, na chini kabisa kadi mbili za manjano zilizobanwa pamoja kwa pini iliyoshika kutu. Pini ilipotoka iliacha alama ya kahawia kwenye kadi zote mbili. Moja ilikuwa ya Ba na nyingine ya babu, na muhuri wa zote mbili ulikuwa wa siku moja, mwaka 1994, mwaka ambao babu alifariki. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba wao wawili walikuwa na safari. Zamani kadi hizo zilihesabiwa kuwa halali kwa miaka 10 tu, lakini tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinazikubali kwa maisha yote ya mwenye kadi, zikiwemo zilizotolewa kabla ya hapo. Kadi ya Ba ilikuwa hai. Niliiweka pamoja na pasipoti yake. Ile nyingine Ba aliichukua mkononi mwangu bila neno, akaenda nayo chumbani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Tulikubaliana kupanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha ndege hadi Mumbai, na kutoka hapo treni ya kilomita zipatazo 1,500, kwa sababu Ba alikataa kabisa kufika Kashi kwa ndege. Tiketi za treni za India wakati huo zilifunguliwa siku 120 kabla ya safari, saa mbili asubuhi kwa saa za kwao. Kwa hiyo tarehe 23 Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulikuwa tumeizunguka simu ya baba, huku binamu yetu aliyeko Mumbai akituandikia sote sita kwenye tiketi moja. Tulichomwomba kwa mkazo kilikuwa kimoja tu, kitanda cha chini kwa Ba. Alikipata, na mama yangu alilia.

Kazi ya mwisho ilinifikia mimi mwezi wa Oktoba. Ba alikusudia kumtolea babu pinda, yale matonge ya unga na ufuta wanayotolewa wafu, na pandit wa huko, yaani kuhani wa Kihindu, alitaka tumwandikie mapema jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, pamoja na ukoo. Niliketi na kalamu kando ya kitanda cha Ba. Ukoo aliutaja. Jina la baba mkwe wake, ambalo alikuwa amelisikia kwa wengine, alimwachia ami alitaje, na la juu yake vilevile. Tulipofika kwa babu, ami alikuwa ametoka kupokea simu. Wanawake wa rika la Ba hawatamki jina la mume, na katika maisha yangu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Aliinua mto, akatoa ile kadi ya manjano, akaniwekea juu ya karatasi na kidole chake chini ya mstari wa kwanza. Nililisoma jina kwa sauti.

"Ndiye," akasema. "Andika."