Siku ya mwisho Tanga, na basi la saa nane

Basi letu la kurudi Morogoro lilikuwa la saa nane mchana, Ijumaa, na mpaka Alhamisi usiku tulikuwa hatujakanyaga Amboni. Na mapango yake ndiyo yaliyotupeleka Tanga! Siku tatu ziliishia mjini: mnara wa saa, jioni za Raskazone, na makumbusho ya Urithi kwenye boma la Wajerumani, ambako Shangazi alicheka hadi machozi kusikia kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilishindwa hapa, na nyuki nao walilivamia.

Nikapanga siku kuanzia mwisho. Basi saa nane. Stendi iko Kange, nje ya mji, kwa hiyo saa saba na robo tuwe ndani ya bajaji. Amboni iko upande mwingine kabisa, kilomita kama nane kaskazini, barabara ya Horohoro. Tiketi nilishakata. Mabegi tulifunga usiku uleule, na nikamkataza mke wangu ndala. Alininunia, lakini kule ndani sakafu inateleza kama imepakwa sabuni.

Saa moja asubuhi nikapatana na dereva wa bajaji: kutupeleka, kutungoja na kuturudisha, na nusu ya hela ataipata tukishafika mjini. Msiache sharti hilo.

Shangazi, kwa goti lake, alibaki langoni. "Nendeni wanangu, mie umri huu sitambai." Sisi tukaingia na kijana wa kutembeza wageni. Kuna mahali unapita kwa kiwiliwili, tumbo likikwaruza jiwe la chokaa, na joto la ndani linakulowesha shati. Akatuonyesha miamba iliyojichonga sofa na ndege, kisha mahali pa mizimu, watu wanapoacha vitambaa na chupa za marashi. Akasimulia ya Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni akajificha humu miaka ya 1950, na ya mbwa aliyeingia hapa akatokea Kilimanjaro. Ya mbwa sikuyaamini hata kidogo. Halafu akasema, "Zimeni tochi." Nikauweka mkono mbele ya uso wangu, sikuuona. Nilisikia tone moja la maji, popo wakipapatika juu, na mke wangu akiukamata mkanda wangu wa suruali. Hapo nikamwelewa aliyemtunga yule mbwa.

Tulipotoka, Shangazi alikuwa ameketi na mama muuza madafu, wanaitana dada.

Saa nne na nusu tuko mjini. Mabegi tulikuwa tumeyaacha mapokezi ya nyumba ya wageni, tukaenda Ngamiani kutafuta khanga. Kule mitaa ina namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei, ila mke wangu na wauza khanga ni habari nyingine. Tukarudi saa saba kasoro kumi. Mlango una kufuli.

Nikagonga. Nikapiga simu, haipokewi. Shangazi akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, leo siku gani?"

Ijumaa. Mwenye ufunguo yuko msikitini, na maduka ya mtaa mzima yamefungwa. Nilihesabu kila dakika ya siku ile nikasahau siku yenyewe. Mama ntilie wa jirani akatuvutia benchi: "Karibuni mle, baba. Swala haikimbizwi." Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, mimi jicho likiwa kwenye kufuli. Nitakaporudi, mabegi nitayatanguliza Kange asubuhi, nikayaache ofisi ya basi nilikokata tiketi.

Kijana wa ufunguo alitokea saa saba na nusu, kanzu nyeupe, akituomba radhi njia nzima. Bajaji ikatufikisha Kange saa nane kasoro dakika tano, mke wangu kapakata begi, Shangazi kakumbatia khanga. Dereva wa basi alikuwa bado anakula. Tuliondoka saa nane na nusu.

Muheza, machungwa yalipoanza kunyanyuliwa madirishani, Shangazi alikuwa na noti mkononi kabla basi halijasimama.

"Hili kapu lote, mwanangu, bei gani?"