Juu gani Wamarekani hawamupigie rais kura wenyewe

Kila mara kukiwa uchaguzi wa guverneri, hapa Lubumbashi, mu Kongo, watu wanaanza kuchekelea badepite wa provinsi, juu wao njo wanamuchagua. Eti simu zao zimezimika, eti wamefichwa mu hoteli, eti fulani amebadilisha motoka. Mimi sikuona na macho yangu, siwezi kuapa, ila ile mizaha iko nazunguka na kila mutu wa mitaa yetu ya Katuba ao Kenya anaielewa bila kufasiriwa: watu wachache, majina yao inajulikana, njo wanatuchagulia mukubwa.

Sasa juzi mutoto wa yaya yangu, anasoma sekondere, ananikuta nakunywa chai ananiuliza: "Tonto, Clinton alimupita Trump karibu kura milioni 3 mu 2016, ilikuwa namna gani akashindwa? Ata kule wanaiba kura?"

Nikacheka. Hapana, kule haikuwa kuiba, ni sheria yao tangu 1787, raia anapigia watu fulani, leo wako 538, na wale njo wanamupigia rais. Akaniangalia sawa vile namudanganya.

Ukitaka kuelewa, acha kwanza kufikiri ni mupango wa watu wa ajabu. Wenye kuandika katiba yao walikuwa wamejifungia kule Philadelphia mu joto, na hii neno ya rais iliwasumbua miezi, leo wanapatana, kesho wanavunja. Wengi walipenda Kongresi, ni kusema bunge lao, imuchague. James Wilson wa Pennsylvania akasema hapana, raia wachague, George Mason akamujibu kama ile ni sawa kumupa kipofu kazi ya kuchagua rangi. Haikuwa paka zarau, inchi ilikuwa kubwa na barabara mbaya, mutu wa Georgia angemujulia wapi mutu wa Massachusetts? Na Kongresi nayo waliiogopa, juu rais mwenye kuchaguliwa na Kongresi atakuwa boyi wao, kila siku anawabembeleza wamurudishe.

Kisha kuko neno ya watumwa, na hapo mutoto alinyamaza. James Madison, mumoja wa wale wenye kuandika katiba, alisema wazi tarehe 19 mwezi wa saba: raia kuchagua njo vizuri zaidi, ila watu wa Kusini watapoteza, juu watumwa wao hawapige kura. Sasa walikuwa tayari na hesabu moja, watumwa watano wanahesabiwa kama watu watatu wakati wa kugawa viti vya Kongresi. Wakaifunga hesabu ya wale wapiga kura wa rais kwa ile ya viti, na kila jimbo likaongezewa viwili vya senati. Kwa hiyo mutumwa hapigi kura lakini kichwa chake kinaongezea bwana wake nguvu! Virginia ilipata wengi kupita wote, na mu miaka 36 ya kwanza, miaka 32 rais alikuwa mutu wa Virginia.

Lakini kitu kilinifanya niweke kikombe chini ni vile Alexander Hamilton, naye alikuwa kule Philadelphia, alieleza mu gazeti mu 1788. Alisema hii njia itazuia hongo. Hawa wapiga kura hawatakuwa wabunge wala wenye kazi ya serikali kuu, watachaguliwa kwa kazi moja tu, kila mutu atapigia mu jimbo lake, siku moja, kisha warudi nyumbani. Unaanza kumununua nani wakati haujajua atakuwa nani? Shiye badepite wetu wanakaa miaka mitano mu nyumba moja, kila mutu iko na numero zao, tena haohao wanachagua na basenateri. Ile Hamilton aliogopa, shiye njo tuliijenga.

Si kusema yao ilidumu vile aliota. Vyama vilifika haraka, yule mupiga kura wa rais akakuwa mutu wa kupeleka barua ya chama tu. Mu uchaguzi wa 1800 Jefferson na Burr wakafungana kura 73 kwa 73, Kongresi ikapiga kura mara 36 ndiyo Jefferson akapita, wakarekebisha katiba mu 1804. Leo majimbo 48 yanamupa mushindi wapiga kura wote wa jimbo, Maine na Nebraska tu njo wanagawa.

Ata kwetu haikuanza na kura ya moja kwa moja. Mu 1960 Kasa-Vubu, rais wetu wa kwanza, alichaguliwa na vyumba viwili vya bunge, na katiba ya Luluabourg ya 1964 iliongeza watu wa mabunge ya provinsi. Mobutu akachukua kiti mwaka wenye kufuata, hiyo njia haikujaribiwa ata siku moja.

Mutoto alikuwa tayari na simu anapiga hesabu. Kule ni 435 kama viti vya wabunge, na 100 kama vya senati, na 3 za muji mukubwa Washington, jumla 538. Kwetu ingekuwa badepite 500, basenateri 108, jumla 608, unahitaji 305 ili ushinde.

"Sasa tonto," ananiambia, "wale 608 wangelala mu hoteli gani?"